Ukakasi: siku sita na Baba katika vilima vya Langhe

Siku ya kwanza, Jumatatu. Torino hadi Alba

Tumetoka Torino na treni ya asubuhi, mimi na Baba. Alitua juzi kutoka Dodoma, mara yake ya kwanza kupanda ndege, amevaa koti zito alilonunua mnadani kwa kuhofia baridi, na mkononi ameshika mfuko wa zabibu kavu za shambani kwetu Mpunguzi. "Siwezi kwenda kwa wakulima wenzangu mikono mitupu," aliniambia pale pale uwanja wa ndege. Mimi huu ni mwaka wa saba naishi Torino, nafanya kazi ya uuguzi, na likizo hii nimeitunza kwa jambo moja tu: kumpeleka Baba Langhe, kwenye vilima vya kaskazini-magharibi mwa Italia vinavyotoa mvinyo wa Barolo na Barbaresco, wiki hii ya pili ya Oktoba wakati wa mavuno.

Dodoma ndiko nyumbani kwa zabibu Tanzania. Bihawana, ambako wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu, ni jirani zetu, na Baba amekata, amefunga na kuvuna mizabibu tangu kabla sijazaliwa. Lakini mvinyo wenyewe huunywa kwa nadra. Yeye huuza zabibu. Mwaka ambao wanunuzi wanachelewa, hukamua na kuuza mchuzi wa zabibu kwa bei yoyote ili zisiozee shambani. Mvinyo anaoujua ni ule mtamu wa kwenye harusi na kipaimara. Ule mkavu aliuonja mara moja, ukamkaba ulimi, akarudisha glasi. Kwa hiyo amekuja na swali: kwa nini mvinyo mwekundu wa huku unakaba ulimi, na kwa nini watu wanaulipia pesa nyingi hivyo?

Kwetu hali hiyo inaitwa ukakasi. Unaupata kwenye ndizi mbichi, kwenye bibo, kwenye zambarau ambayo haijaiva sawasawa. Ulimi unakuwa mkavu, kama umelamba chaki. Waitaliano nao wana neno lao, ila wataalamu wa hapa wanapoeleza mvinyo mwekundu wanaongelea tanini, zile chembechembe za kwenye ganda na mbegu za zabibu. Zabibu inayoitwa Nebbiolo ina tanini nyingi kuliko karibu zote, na Barolo na Barbaresco zinatengenezwa kwa Nebbiolo peke yake, bila kuchanganywa na aina nyingine. Nimemleta Baba kwenye ukakasi wenyewe, makao makuu.

Treni inapita Bra, mji mdogo ambako harakati za Slow Food, za kutetea chakula cha jadi, zilianzia mwaka 1986, halafu inashuka kuelekea mto Tanaro. Tuliposhuka Alba, Baba alisimama akanusa hewa. Mji mzima ulinukia chokoleti. Ni kiwanda cha Ferrero, kilichoanzia hapa mwaka 1946, kinachokaanga nocciola, kokwa ndogo za mviringo ambazo miti yake hupandwa kwenye miteremko isiyopata jua la kutosha kwa mizabibu.

Jioni tumekula kwenye mgahawa wa kawaida, nikaagiza Dolcetto. Jina lina maana ya "katamu", lakini mvinyo wake ni mkavu, wa rangi ya zambarau iliyoiva, na uchachu wake ni mdogo. Watu wa huku huunywa siku za kazi, na chakula cha kazi. Baba alikunywa taratibu, akala na vile vijiti vya mkate vyembamba, grissini.

"Huu nauelewa," akasema. "Nipeleke kwenye ule nisiouelewa."

Siku ya pili, Jumanne. Barbaresco

Nimekodi gari dogo. Saa moja na nusu asubuhi mabonde yote yalikuwa yamejaa ukungu, mweupe na mzito kama maziwa ndani ya bakuli, na vichwa vya vilima vimechomoza juu yake kama visiwa. Wengi husema jina Nebbiolo linatokana na *nebbia*, yaani ukungu, kwa sababu zabibu hii huchelewa kuiva hadi ukungu wa Oktoba unaikuta mtini. Wengine hulifungamanisha na neno la "adhimu". Ukiwa umesimama pale asubuhi huna haja ya kubishana.

Baba aliniomba nisimamishe gari mara tatu kabla hatujafika. Mara ya kwanza alitaka kuona jinsi walivyofunga matawi kwenye waya. Mara ya pili alihesabu vishada kwa kila mti, akarudi amekunja uso: vichache mno. Mara ya tatu alipiga magoti, akakwangua udongo kwa kucha. Mweupe, wa mfinyanzi na chokaa, unavunjika kama biskuti. Nikamwambia hapa zamani palikuwa chini ya bahari. Akautazama mlima, akautazama udongo, akaweka kipande mfukoni mwa koti.

Barbaresco ni kijiji cha barabara moja. Kuna mnara wa kale, unaotazama Tanaro ikipinda chini, kuna kanisa la zamani la San Donato ambalo sasa ni duka la mvinyo la mkoa, na kuna kanisa linalosaliwa, na mkabala wake chama cha ushirika: Produttori del Barbaresco. Hapo ndipo nilipotaka Baba afike kuliko mahali pengine popote Italia, kwa sababu Baba ni mtu wa ushirika. Ameshika daftari za chama cha msingi, ameona chama kikiinuka na ameona kikianguka.

Dada aliyetupokea alianza kueleza mvinyo. Baba, kupitia mimi, akamwomba aanze na chama.

Historia ni hii. Karne ya 19 wakulima wa Barbaresco hawakuwa na jina; zabibu zao ziliuzwa zikaishia kwenye mvinyo wa jirani zao wa Barolo. Mwaka 1894 Domizio Cavazza, mkuu wa shule ya kilimo cha mizabibu na utengenezaji wa mvinyo ya Alba, aliwakusanya wakulima 9 wakaanza kutengeneza mvinyo kwa pamoja, kwa jina la kijiji chao. Miaka ya 1920 sheria za uchumi za Mafashisti zilikifunga chama kile. Watu wakarudi kuuza zabibu kwa bei ya mnunuzi. Kisha mwaka 1958 paroko wa kijiji, Don Fiorino Marengo, aliona vijana wanahama kwenda viwandani, akawakusanya wakulima 19. Hawakuwa na jengo. Mavuno matatu ya mwanzo waliyatengenezea mvinyo chini ya kanisa.

"Chini ya kanisa?" Baba aliuliza, nikatafsiri, dada akanyoosha kidole kuelekea ng'ambo ya uwanja. Baba alitoka nje, akasimama akilitazama lile kanisa kwa muda, mikono nyuma. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu kidogo, na mimi nilijua anafikiria nini: ndoo za zabibu zikisubiri kando ya barabara ya Iringa, na lori ambalo halijaja.

Leo chama kina familia zaidi ya 50 na mashamba ya zaidi ya hekta 100. Kila mwanachama hufungwa na sharti la kuleta Nebbiolo yake yote, halafu hulipwa kwa ubora na si kwa uzito peke yake. Baba alitaka kujua jambo moja zaidi, na ni jambo ambalo sikuwahi kusikia mtalii akiuliza. Barbaresco kisheria haiuzwi mpaka ipite miezi 26 tangu Novemba ya mwaka wa mavuno, angalau 9 kati yake ndani ya mbao. Ile ya Riserva ni miezi 50. "Mkulima anakula nini miezi yote hiyo?"

Dada alitabasamu, akashusha chupa nyingine kwenye rafu: Langhe Nebbiolo. Ni zabibu ile ile, lakini hauhitaji kusubiri kiasi hicho. Huuzwa mapema, ukingali kijana. Huo ndio unaozungusha pesa wakati ndugu yake amelala. Baba alitoa daftari, akaandika mstari mzima, akaupigia mstari chini.

Ndipo tukaonja.

Niliwahi kufundishwa namna ya kuonja na daktari mmoja wa wodini kwetu, na nilimwonyesha Baba hivi: shika glasi kwenye mguu wake ili mkono usiupashe mvinyo joto. Iinamishe juu ya karatasi nyeupe, tazama ukingo. Nusa kabla ya kuitikisa, halafu izungushe, unuse tena. Chukua funda dogo, vuta hewa kidogo juu yake kama unavyovuta uji wa moto, uzungushe mdomoni, kisha umeze au uteme kwenye ndoo. Ndoo Baba aliikataa. "Mtu amesubiri miaka minne, mimi nimtemee?" Tukakubaliana anywe kidogo sana.

Rangi ilimshangaza kwanza. Alitegemea weusi, na huu ulikuwa mwepesi kama chai ya rangi, ukingoni unageuka rangi ya tofali. Nebbiolo ndivyo ilivyo, sura yake haikuonyeshi nguvu zake. Harufu: waridi, kabisa, waridi lililokauka kwenye kitabu, chini ya waridi kuna kitu kizito. Waandishi wa mvinyo wa dunia nzima husema Nebbiolo inanukia waridi na lami, na mimi nilikuwa nakiona kitu hicho kama msemo wa vitabuni. Sikumwambia Baba. Alinusa, akanusa tena, akasema: "Barabara. Wakati wanaweka lami ile ya kwetu, mvua ikinyesha." 

Kisha funda. Nilimtazama uso. Ukakasi ulimshika fizi zote, juu na chini, macho yakabana. Lakini hakurudisha glasi. Baada ya kumeza alikaa kimya, na ule ukavu ulipokuwa unaondoka, ladha ilibaki: cheri, majani ya chai, kitu kama gome la mdalasini. Ilibaki muda mrefu. Alihesabu kwa vidole.

Wana mashamba tisa wanayoyatengenezea mvinyo mbalimbali miaka mizuri, Asili, Rabajà, Ovello, Montestefano na mengineyo, kila moja na chupa yake. Tulionja Asili na Montestefano. Ya kwanza laini, yenye manukato. Ya pili imesimama kama mlinzi mlangoni. Vilima hivyo viwili unaviona kwa macho ukiwa umesimama sehemu moja. Baba alichagua Montestefano, nami nikanunua chupa mbili.

Siku ya tatu, Jumatano. La Morra na Barolo

Barolo iko upande wa pili wa Alba, kusini-magharibi. Jina ni la kijiji, lakini mvinyo hutoka vijiji 11, na watu wa huku hugawanya vilima hivyo kwa udongo. Upande wa magharibi, La Morra na Barolo yenyewe, udongo ni laini zaidi, na mvinyo wake hufunguka mapema, una manukato. Upande wa mashariki, Serralunga na Monforte, udongo ni wa miaka mingi zaidi, una chokaa na mchanga mgumu, na mvinyo wake ni wa watu wenye subira. Ni kanuni ya jumla, ina vighairi vyake vingi, lakini ukiwa mgeni inakusaidia usipotee.

Kutoka uwanja wa juu wa La Morra, kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, tuliona vilima vyote vimechanwa kwa mistari ya mizabibu kama nywele zilizosukwa, na nyuma yake milima ya Alpi, na kilele cha Monviso chenye theluji. UNESCO iliyaweka mandhari haya kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2014. Baba aliuliza kama UNESCO inawalipa wakulima kitu. Nikamwambia sidhani.

Kijijini Barolo tuliingia kwenye jumba la Falletti, ambalo sasa ni makumbusho ya mvinyo, lakini kilichomgusa Baba hakikuwa ndani ya jumba. Ni habari ya mapipa niliyomsimulia tukiwa tumekaa nje.

Zamani Barolo ililala miaka mingi kwenye mapipa makubwa ya mwaloni wa Slavonia, mapipa ya maelfu ya lita, ambayo hayaupi mvinyo harufu ya mbao, yanauacha tu upumue polepole. Maganda nayo yaliachwa ndani ya mchuzi wiki nyingi, siku 40, 50, hata 60. Mvinyo ulitoka na ukakasi wa kutisha, na kabla ya miaka kumi haunyweki. Miaka ya 1980 vijana fulani waliona kwamba wazazi wao wanabaki maskini huku Wafaransa wakitajirika. Mmoja wao, Elio Altare wa La Morra, mwaka 1983 alichukua msumeno wa injini akayakata mapipa ya baba yake, akaweka mapipa madogo mapya ya Kifaransa ya lita 225. Baba yake akamnyima urithi.

Upande wa pili alikuwepo Bartolo Mascarello, hapo hapo Barolo kijijini. Alikataa. Mapipa makubwa, maganda ya muda mrefu, zabibu za mashamba yake mbalimbali zikichanganywa pamoja kama baba yake alivyofanya. Uzeeni, mwili ulipomwishia nguvu, alikaa akichora lebo za chupa kwa mkono, na moja ikajulikana dunia nzima: *No barrique, no Berlusconi*, yaani hataki yale mapipa madogo wala Berlusconi, mwanasiasa tajiri wa Italia. Alifariki mwaka 2005, na binti yake, Maria Teresa, anaendelea na njia ile ile.

Baba alisikiliza habari zote mbili bila kunikatiza. Nilitegemea atakuwa upande wa mzee. Lakini aliuliza: "Yule kijana mwenye msumeno, mvinyo wake ulikuwa mbaya?"

Hapana, nikasema. Ulikuwa mzuri. Uliwafungulia wote soko, hata wale wazee. Na leo wengi wamekutana katikati: usafi na uangalifu wa vijana, mapipa makubwa ya wazee.

"Basi baba yake angemsikiliza nusu," akasema.

Tulionja Barolo tatu kwenye duka moja. Sitazieleza zote. Moja ilikuwa ya mapipa madogo, na niliinusa nikapata vanila na kahawa kabla ya zabibu. Ni mvinyo mzuri, wala sitaki kuudharau, ila ungeweza kutoka popote. Nyingine, ya mapipa makubwa, ya kutoka Cannubi, kilima kinachopanda kuelekea kijijini, ilikuwa na waridi lile lile la jana, na tumbaku, na ngozi ya viatu vipya. Hiyo isingeweza kutoka kwingine. Kwangu mimi hilo ndilo linalonifanya nipende mvinyo wa jadi wa huku: unakuambia ulikotoka kabla hujauliza.

Siku ya nne, Alhamisi. Serralunga d'Alba

Leo tumefika kwenye mavuno. Mkulima mmoja mzee, rafiki wa mgonjwa niliyewahi kumuuguza, alitukaribisha shambani kwake chini ya ngome ndefu ya Serralunga. Mteremko ni mkali kiasi kwamba trekta inapita kwa shida. Zabibu zinakatwa kwa mkasi, mkono kwa mkono, na kubebwa kwenye kreti ndogo ili zisipondane.

Wavunaji wengi walikuwa Waafrika. Vijana wa Gambia na Mali, walioinama tangu alfajiri. Siku zote nikiona bei ya Barolo kwenye orodha za mahoteli huwa nawakumbuka watu hawa, na ningependa kila anayeifungua chupa hiyo awakumbuke. Baba aliwasalimia kwa *salaam aleikum*, wakaitikia, na mmoja, baada ya kusikia huyu mzee ni mkulima, akampa mkasi wake ajaribu. Baba alikata kishada kimoja kwa namna ya kwetu, kidole gumba chini ya kikonyo. Kijana akaangalia, akafanya vile vile. Hawakuwa na lugha moja zaidi ya ile salamu, na hawakuihitaji.

Kisha mzee mwenye shamba akamwonyesha Baba kitu. Alichuma punje moja, akala nyama yake, akatema mbegu kiganjani. Mbegu ya kahawia, akaivunja kwa meno: kau! Inavunjika kama kokwa iliyokaangwa. Wiki moja kabla, mbegu ingekuwa ya kijani na chungu. "Kwetu mnunuzi anapima sukari tu," Baba akaniambia. "Hakuna anayetafuna mbegu." Akatafuna. Ukakasi wa mbegu iliyoiva, akaniambia, ni tofauti na wa mbegu mbichi. Wa kwanza unakauka ulimini kisha unaachia, wa pili unakwaruza. Nimesoma maelezo mengi juu ya tanini, sijawahi kuyapata yamenyooka hivyo.

Waliongea, mimi katikati nikitafsiri, karibu saa nzima. Barolo hairuhusiwi kuzidi tani 8 kwa hekta. Baba akapiga hesabu, tani tatu na ushee kwa ekari, akatikisa kichwa. Mwezi wa saba na wa nane mzee yule hukata vishada vibichi na kuvitupa chini ili vinavyobaki vipate nguvu. Mzee naye alitaka kujua kama ni kweli Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Ni kweli, Baba akamjibu, kati ya Februari na Machi, tena Agosti na Septemba. Sisi hatuna majira ya baridi ya kuilaza mizabibu, tunailaza na kuiamsha kwa mkasi. Mzee alimwomba arudie. Hapo ndipo Baba alipotoa ule mfuko wa zabibu kavu. Mzee alikula moja, akala tatu, akamwita mkewe.

Chakula cha mchana tulikula kwao. Mwanzo nyama mbichi ya ng'ombe iliyokatwakatwa kwa kisu, yenye mafuta ya zeituni na chumvi. Baba aliiombea ipite moto kidogo na mama mwenye nyumba akaikubali bila kununa. Halafu *tajarin*, tambi nyembamba za njano zilizokandwa kwa viini vingi vya mayai. Halafu *brasato*, nyama iliyopikwa saa nyingi ndani ya mvinyo mwekundu mpaka inakatika kwa kijiko. Na Barolo ya mzee mwenyewe, ya miaka kumi na miwili.

Nilimwomba Baba anywe funda kabla ya nyama, na funda baada ya nyama. La kwanza likamkaba. La pili, nyama ikiwa bado mdomoni, lilipita. Ukakasi ulikuwa umepata cha kushika. Tanini hung'ang'ania protini; usipoipa chakula hung'ang'ania mate yako, ndiyo maana mdomo unakauka. Ukiipa nyama, inashika nyama na kukuachia wewe ladha. Miaka kumi na miwili ya pipani na chupani nayo ilikuwa imefanya kazi yake: rangi ya kutu, harufu ya majani yaliyolowa, uyoga, lami ikiwa mbali kabisa, kama moshi wa kijiji cha jirani.

"Kumbe hakikuwa kinywaji," Baba akasema polepole. "Kilikuwa mboga."

Mezani mwishoni ilikuja chupa ndogo ya Barolo chinato. Inasemekana ni mfamasia wa huku Serralunga, Giuseppe Cappellano, aliyeitunga mwishoni mwa karne ya 19: Barolo, sukari, gome la mti wa kwinini na viungo ambavyo kila nyumba huvificha. Sikumwambia Baba kilichomo. Alionja, akaweka glasi chini, akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu utotoni. "Kwinini! Mama yangu alinishika pua kuninywesha hii." Akapata na iliki ndani yake. Akaomba nyingine.

Ghalani, kabla hatujaondoka, mzee alituonyesha mvinyo wa kunywa nyumbani. Hauko kwenye pipa, uko kwenye *damigiana*, mitungi mikubwa ya kioo ya lita 54 iliyovikwa kikapu. Baba aliipapasa kama mtu anayepapasa ng'ombe wa kununua.

Siku ya tano, Ijumaa. Mvua

Mvua kutwa. Wavunaji hawakutoka. Tulipita Narzole, mji ulio karibu na vilima vya Barolo, na nikamsimulia Baba kilichotokea mwaka 1986: mvinyo wa bei rahisi uliotiwa methanoli ili kupandisha kilevi uliua watu zaidi ya 20 Italia na kupofusha wengine, na sehemu kubwa ya mkasa huo ilianzia hapa. Mauzo ya mvinyo wa Italia yalianguka. Ukaguzi ukakazwa, na wakulima waliokuwa waaminifu wakalazimika kuthibitisha uaminifu wao upya. Baba amezika watu waliokunywa pombe ya namna hiyo. Hakusema kitu mpaka Alba.

Jioni Barbera, mvinyo mwingine mwekundu wa huku. Uchachu mwingi, ukakasi mdogo, kinyume cha Nebbiolo kwa kila kitu. Na jibini. Tukalala mapema.

Siku ya sita, Jumamosi. Torino

Nyumbani. Montestefano moja niliifungua jana usiku hotelini, tukanywa glasi moja moja, nikaizibia kizibo chake. Leo nimepika ugali na nyama ya kuchemsha yenye mafuta, na mchicha. Chupa ile imelala na hewa usiku mzima, na ukakasi umelainika, si kwamba umeondoka. Umekaa nyuma ya waridi, umeushikilia mvinyo usianguke. Baba alikunywa na tonge.

Halafu akachukua simu, akamrekodia kaka ujumbe. Nimeusikia wote. Oktoba kwetu ndio wakati wa kukata mizabibu kwa ajili ya mavuno ya Februari.

"Sikiliza, Yohana. Ile mistari minne ya juu, upande wa mawe, usiikate kama mingine. Acha macho mawili tu kila tawi. Vishada vikitoka vingi utavipunguza, utaniona mwendawazimu lakini punguza. Wanunuzi wakija, mistari hiyo minne haiuzwi. Mingine uza kama kawaida, ndiyo itakayotulisha. Na ukipita shambani, tafuna mbegu."

Jibu lilikuja baada ya dakika kumi. Yohana aliuliza kitu kimoja: huo mchuzi utawekwa kwenye nini, maana ndoo za plastiki hazifai.

Baba akanigeukia. Akaniuliza mitungi ile ya kioo inauzwa wapi, na kama ipo midogo.

Ipo, ya lita tano. Jumatatu kabla sijamsindikiza uwanja wa ndege tutapita sokoni Porta Palazzo kununua miwili. Begi lake linaruhusiwa kilo 23, na tumeshapima: mitungi itaingia, ikiviringishwa ndani ya lile koti. Kile kipande cha udongo wa Barbaresco amekitoa mfukoni na kukiweka dirishani kwangu, karibu na mmea wa mrehani.